Pisini ndani ya lupango: Ufaransa inavyolinda watoto na maji, na funzo kwa miji ya Kivu

Nchini Ufaransa, kuwa na kiwanja na pesa hakutoshi ili mtu achimbe pisini nyumbani kwake. Kabla ya fundi kuleta mashine, ofisi ya meya lazima ijulishwe. Kabla ya mtoto wa kwanza kuingia majini, lazima pawe na uzio, king'ora, kifuniko au kibanda cha kufunga. Na wakati wa ukame, kiongozi wa serikali anaweza kukataza pisini isijazwe, hata kama mwenye nyumba analipa maji yake bila deni.

Sheria hizo zinawagusa Wakongomani wanaoishi huko, hasa wanaonunua nyumba yenye pisini au wanaokodi nyumba ya likizo pamoja na watoto. Lakini zinaweza pia kufungua macho ya wakaaji wa Goma, Bukavu na miji mingine ya mashariki, ambako pisini zimo katika hoteli na katika baadhi ya nyumba kubwa kandokando ya ziwa, huku sehemu kubwa ya raia ikiendelea kubeba maji kwa bidoni.

Ufaransa ina pisini za watu binafsi zaidi ya milioni 3. Katika nchi yenye pisini nyingi namna hiyo, mambo matatu yamelazimisha serikali kuweka mipaka: vifo vya watoto, kodi, na upungufu wa maji.

Uzio, king'ora, kifuniko au kibanda

Sheria kubwa ni ile namba 2003-9 ya Januari 3, 2003, kuhusu usalama wa pisini. Inahusu pisini zilizochimbwa ardhini, nzima au nusu, ambazo ziko nje na si za umma. Tangu Januari 1, 2004, kila pisini mpya ya aina hiyo inapaswa kuwa na angalau kifaa kimoja cha usalama. Zile zilizokuwepo tayari zilipewa muda hadi Januari 1, 2006.

Mwenye nyumba ana uchaguzi wa njia nne. Ya kwanza ni uzio unaozunguka pisini, wenye urefu wa angalau mita 1 na sentimita 10, na mlango ambao mtoto mdogo hawezi kuufungua peke yake. Ya pili ni king'ora kinacholia mtoto anaposogelea maji au anapotumbukia. Ya tatu ni kifuniko kigumu cha kutosha kumzuia mtoto asizame. Ya nne ni kibanda kinachofunika pisini yote na kufungwa kwa ufunguo.

Kipimo cha sheria ni mtoto aliye chini ya miaka 5. Uzio unahesabiwa kuwa mzuri ikiwa mtoto wa umri huo hawezi kuupita bila msaada wa mtu mzima. Anayejenga au kuuza pisini analazimika kumpa mnunuzi maandishi yanayoeleza kifaa kilichochaguliwa na namna ya kukitumia. Asiyefuata sheria anaweza kupigwa faini inayofikia euro 45,000.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wa kwetu wanapaswa kulishika vizuri. Ukuta wa lupango hautoshi. Ukuta unamzuia mtoto wa jirani, lakini haumzuii mtoto wa nyumba anayetoka jikoni wakati mama anageuza ugali na baba yuko kwenye simu. Ndiyo maana uzio unaokubalika huko ni ule unaotenga pisini na nyumba yenyewe.

Sababu ya ukali huo inajulikana. Kampeni za serikali ya Ufaransa zinakumbusha kila mwaka kwamba mtoto anaweza kuzama katika maji ya sentimita 20 tu, kwa muda usiofika dakika 3, na bila kupiga kelele. Katika majira ya joto ya mwaka 2018, kati ya Juni 1 na Septemba 30, shirika la afya ya umma la Ufaransa lilihesabu ajali 1,649 za kuzama majini, na watu 406 walikufa. Kwa watoto walio chini ya miaka 6, pisini ya nyumbani ndiyo inayotajwa mara nyingi katika ajali hizo.

Hata hivyo, sheria ya mwaka 2003 ina mianya. Haigusi pisini za plastiki zinazowekwa juu ya ardhi, wala zile za kupuliza upepo, ijapo mtoto anaweza kufia humo vilevile. King'ora kinacholia baada ya mtoto kutumbukia hakina maana kama hakuna mtu mzima karibu wa kukisikia. Kwa hiyo viongozi wa afya wanarudia neno moja kila mwaka: kifaa hakichukui nafasi ya jicho la mzazi.

Ruhusa inaombwa kwa meya

Usalama unaamuliwa na sheria ya nchi nzima, lakini ujenzi unapitia kwa meya. Ukubwa wa pisini ndio unaoamua ni karatasi gani zinahitajika.

Pisini isiyozidi mita 10 za mraba haihitaji kibali, isipokuwa iko katika eneo linalolindwa, kwa mfano karibu na jengo la kihistoria. Kati ya mita 10 na 100 za mraba, mwenye nyumba anapeleka tangazo la kazi kwa meya na kungoja jibu. Kwa kawaida muda ni mwezi 1. Ikipita mita 100 za mraba, au ikiwa imefunikwa na kibanda chenye urefu wa mita 1 na sentimita 80 au zaidi, lazima aombe ruhusa kamili ya kujenga, sawa na anayejenga nyumba.

Zaidi ya hapo, kila mji una mpango wake wa ujenzi. Humo ndimo mnaandikwa umbali unaotakiwa kati ya pisini na mpaka wa jirani, sehemu ya kiwanja inayopaswa kubaki bila saruji ili maji ya mvua yaingie ardhini, na pengine hata rangi ya kifuniko. Ndiyo sababu watu wawili wanaoishi kilomita 5 kutoka mmoja hadi mwingine wanaweza kuwa na kanuni tofauti.

Kumwaga maji nako kuna kanuni. Maji ya pisini yenye klorini hayaruhusiwi kutupwa katika mfereji wa maji machafu wa mji bila ruhusa. Mwenye nyumba anaacha kwanza kutia dawa kwa siku kadhaa, kisha anayamwaga polepole katika kiwanja chake, bila kumjazia jirani matope.

Picha za angani zafichua waliojificha

Pisini inaongeza thamani ya nyumba, na kwa hiyo inaongeza kodi. Ujenzi ukiisha, mwenye nyumba ana siku 90 za kutangaza pisini yake kwa ofisi ya kodi. Wengi hawakufanya hivyo, wakiamini kwamba hakuna anayeona nyuma ya miti na kuta zao.

Mnamo Oktoba 2021, idara ya kodi ya Ufaransa ilianza jaribio katika departema 9, zikiwemo Var, Alpes-Maritimes, Rhône na Vendée. Programu ya akili bandia, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na makampuni Google na Capgemini, ilipitia picha zilizopigwa kutoka angani na kutafuta umbo la pisini. Kisha matokeo yakalinganishwa na orodha ya kodi. Agosti 2022, idara hiyo ilitangaza kwamba imegundua pisini 20,356 ambazo hazikuwa zimetangazwa. Serikali ilipata karibu euro milioni 10 za ziada, na mfumo huo ukapanuliwa katika sehemu nyingine za nchi.

Wakati bomba linapofungwa

Katika miaka ya karibuni, mjadala umehama kutoka kodi hadi maji yenyewe. Ufaransa inapokumbwa na ukame, prefe, ndiye mwakilishi wa serikali katika departema, anaweza kutangaza moja ya ngazi 4: tahadhari, onyo, onyo kali, na shida kuu. Kuanzia ngazi ya onyo, kujaza pisini ya nyumbani kunaweza kukatazwa, isipokuwa kuongeza maji kidogo au kujaza kwa mara ya kwanza pisini ambayo ujenzi wake ulikuwa umeanza. Katika shida kuu, hata hilo linakatazwa.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni departema ya Pyrénées-Orientales, kusini mwa nchi, karibu na mpaka wa Uhispania. Mei 2023 iliwekwa katika ngazi ya shida kuu. Pamoja na kukataza kujaza pisini, kumwagilia bustani na kuosha magari nyumbani, viongozi walikataza hata kuuza pisini za kuweka juu ya ardhi. Duka liliruhusiwa kubaki wazi, lakini bidhaa hiyo ilitoka kwenye rafu.

Katika eneo la Pays de Fayence, departema ya Var, mameya wa miji midogo 9 walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 walikubaliana kusimamisha utoaji wa ruhusa mpya za kujenga kwa miaka kadhaa, kwa sababu chemchemi hazikuweza tena kutosheleza wakaaji waliopo. Mwaka uliotangulia, baadhi ya vijiji vya eneo hilo vililetewa maji kwa lori.

Jakuzi si chombo cha mchezo

Spa, ambayo wengi huita jakuzi, ina mambo yake. Ile inayowekwa juu ya sakafu haiko chini ya sheria ya mwaka 2003, lakini iliyochimbwa ardhini nje ya nyumba inaweza kuhesabiwa kama pisini. Hatari yake ya pekee ni joto. Bakteria iitwayo lejionela, inayoshambulia mapafu, inakua vizuri katika maji yenye nyuzi kati ya 25 na 45, na povu la jakuzi linairusha hewani pamoja na mvuke. Maji yasipotiwa dawa na kichujio kisiposafishwa, anayepumzika humo anaweza kuvuta ugonjwa.

Kwa hoteli na nyumba za wageni, kanuni ni kali kuliko za familia. Mwenyeji analazimika kuitangazia meri kabla ya kufungua, na maji yanapimwa chini ya uangalizi wa idara ya afya.

Cape Town: pisini za wachache, foleni za wengi

Bara la Afrika nalo limepitia somo hilo. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, ambako Wakongomani wengi wamefanya makao, mvua zilikosekana kwa miaka mitatu mfululizo. Kuanzia Februari 1, 2018, kila mkaaji aliamriwa asitumie zaidi ya lita 50 za maji kwa siku. Kujaza pisini au kuongeza maji ya bomba ndani yake kulikatazwa kabisa, hata kwa aliyekuwa na kifuniko. Viongozi walihofia siku ambayo bomba zote zingefungwa na watu kupanga foleni kwenye vituo. Siku hiyo haikufika, kwa sababu mji ulipunguza matumizi kwa zaidi ya nusu, na baadaye mvua ikanyesha.

Utafiti uliochapishwa Aprili 2023 katika jarida la Nature Sustainability ulionyesha nani alikuwa anakunywa mji huo. Matajiri na watu wa tabaka linalowafuata, ambao hawafiki asilimia 14 ya wakaaji, walitumia zaidi ya nusu ya maji ya nyumbani, sehemu kubwa ikienda kwenye bustani na pisini. Maskini, ambao ni zaidi ya asilimia 60, walitumia karibu asilimia 27.

Hesabu ya bidoni 2,400

Hesabu hiyo ikiletwa Kivu, inaeleweka haraka. Pisini ya familia yenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha mita 1 na nusu inachukua lita 48,000. Hizo ni bidoni 2,400 za lita 20. Mashirika ya kibinadamu yanahesabu kwamba mtu aliyekimbia vita anahitaji angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na kujisafisha. Kwa hiyo maji ya kujaza pisini hiyo mara moja yangetosha watu 3,200 kwa siku nzima.

Goma inakaa kando ya ziwa lenye maji mengi, lakini maji safi ni jambo lingine. Yanapaswa kupandishwa kwa pampu, kutiwa dawa na kusambazwa. Mlipuko wa volkano Nyiragongo wa Mei 22, 2021 uliharibu hifadhi ya maji na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji. Wengi walirudi ziwani na bidoni, na kwa wakaaji wa Kivu, maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yana jina la ugonjwa linalojulikana tangu zamani: kolera.

Mwenye pisini anaweza kusema kwamba anachota ziwani kwa pampu yake na hamnyimi mtu. Lakini Congo ina sheria namba 15/026 ya Desemba 31, 2015 kuhusu maji, na maji ya ziwa si mali ya mwenye kiwanja cha ufuko. Zaidi ya hayo, maji yenye klorini yakitupwa tena ziwani bila kungoja, yanadhuru samaki ambao wavuvi wanawategemea.

Hatari ambayo Ufaransa haiijui: mazuku

Kuna jambo moja ambalo haliko katika sheria za Ulaya, na ambalo kanuni yoyote ya Goma ingepaswa kulianzia. Ni mazuku. Magharibi mwa mji, kuelekea Sake na kandokando ya ziwa, gesi ya kaboni inatoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mbuzi, mbwa na watu wamekufa humo, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka naye.

Pisini iliyomwagwa maji ni shimo. Katika kartie yenye mazuku, mfanyakazi anayeshuka humo asubuhi kusugua sakafu, au mtoto anayefuata mpira, anaweza kuingia mahali pasipo na hewa ya kupumua. Ndivyo ilivyo pia kwa shimo la ujenzi lililoachwa wazi. Kabla ya kuchimba, ni vema wataalamu wa Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, waulizwe kama ardhi hiyo inatoa gesi.

Kinachoweza kufanywa bila kungoja Kinshasa

Sheria namba 08/016 ya Oktoba 7, 2008 inatambua miji, komini, sekta na sheferi kuwa mamlaka zenye uwezo wa kushughulikia mambo ya mahali. Anayejenga tayari anapaswa kuomba ruhusa katika ofisi ya mipango ya mji. Katika karatasi hiyo hiyo, mstari mmoja kuhusu pisini ungeweza kuuliza maswali manne: uzio uko wapi, maji yanatoka wapi, yatamwagwa wapi, na gesi imepimwa?

Lakini mwenye nyumba hahitaji kungoja sahihi ya burugumesta ili kumlinda mtoto. Uzio wa mita 1 na sentimita 10 unaweza kutengenezwa na seremala wa kartie kwa mbao, au na fundi wa kuchomelea kwa vyuma. Nafasi kati ya nondo ziwe ndogo, kichwa cha mtoto kisipite, na kusiwe na vyuma vya kulala ambavyo mtoto angevipanda kama ngazi. Mlango ujifunge wenyewe, na komeo liwe juu. Meza, viti na bidoni zisiachwe karibu na uzio. Midoli isibaki ikielea majini, kwa sababu ndiyo inayomwita mtoto. Watu wazima wanapokuwa wengi, kama siku ya harusi au ubatizo, mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi wa maji, kwani pale ambapo kila mtu anachunga, mara nyingi hakuna anayechunga.

Hayo yote yanafaa pia kwa nyumba zisizo na pisini, ambazo ndizo nyingi. Tangi la maji ya mvua lisilo na kifuniko, kisima, shimo la choo kipya na beseni kubwa la kufulia ni hatari ileile kwa mtoto wa miaka 2. Shirika la afya duniani, OMS, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2023, na kwamba karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka 5. Vifo zaidi ya 9 kati ya 10 vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako mara nyingi hakuna pisini yoyote katika hadithi, bali tangi, kisima, mto au ziwa lililo mlangoni.